Mbio 10 za Verstappen na Safari 4 za Mehta: nani alitawala zaidi?

Kisangani – Kwa kijana anayefuata mbio za magari kwenye simu yake, bishano ni fupi. Max Verstappen wa Uholanzi alishinda mbio 10 za Formula 1 mfululizo mwaka 2023, kuanzia Miami mwezi wa tano mpaka Monza mwezi wa tisa, na hakuna mwingine aliyefikisha hesabu hiyo. Namba ni namba. Lakini shofere anayepeleka lori Bafwasende ao Lubutu wakati wa mvua anajuaka kitu kingine: ushindi unapimwa pia na barabara.

Katika kanda yetu kuna mfululizo mmoja ambao vijana wengi hawajausikia. Safari Rally ya Kenya, miaka ya 1979, 1980, 1981 na 1982, ilishindwa na mtu mmoja, Shekhar Mehta, kila mara akiwa na Mike Doughty kando yake akimsomea njia. Ukiongeza ushindi wake wa 1973, ni mara 5.

Huo wa 1973 una historia yake. Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Idi Amin alipofukuza Waasia mwaka 1972, naye aliondoka Uganda akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, akiwa ndani ya Datsun 240Z, alimaliza Safari sawa kabisa kwa pointi na Harry Källström wa Uswidi, ambaye naye aliendesha Datsun. Kwa kanuni, ushindi ulienda kwa yule aliyefika mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Mtu aliyefukuzwa kwao miezi michache tu nyuma ndiye akachukua kombe. Hapa mashariki, ambako watu mingi wamebeba magodoro kichwani kukimbia kwao, hilo halihitaji maelezo marefu.

Sasa barabara. Safari ya wakati ule ilikuwa na karibu kilometa 5,000, usiku na mchana, tena wakati wa Pasaka mvua inapoanza. Barabara hazikufungwa: dereva wa mashindano alikutana na basi, ng'ombe na wanafunzi wanaotoka shule. Mto ukijaa, alitafuta pa kupita mwenyewe. Miaka mingi, magari yaliyobaki njiani yalikuwa mengi kuliko yaliyofika. Anayeijua RN4 kutoka Kisangani kwenda Beni anaweza kuona picha hiyo bila kufika Nairobi: gari moja likikwama kwenye potopoto, msururu mzima unalala porini.

Verstappen hakukutana na ng'ombe. Yeye aliendesha kwenye lami iliyofungwa, mbio moja karibu kilometa 300, na gari lake la Red Bull lilikuwa bora kupita yote. Mwaka ule Red Bull ilishinda mbio 21 kati ya 22. Hiyo haimwondolei sifa, juu mwenzake wa timu, Sergio Pérez, alikuwa na gari hilohilo na alishinda 2 tu. Lakini inaonyesha kwamba mfululizo mrefu mara nyingi ni wa gari na dereva pamoja, si wa dereva peke yake.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna matatizo. Alberto Ascari wa Italia, na Ferrari, alishinda mbio 9 alizoanza mfululizo kati ya 1952 na 1953. Katikati yake kulikuwa na mbio za Indianapolis, ambazo zilihesabiwa kwenye ubingwa wa dunia ingawa Ascari hakwenda huko mwaka 1953. Ukiziweka kwenye hesabu, mfululizo unakatika kwenye 7. Ndiyo maana wengine wanamweka Sebastian Vettel mbele yake: 9 za mwaka 2013 bila kuruka hata moja.

Upande wa Mehta pia tuseme ukweli. Alikuwa nyumbani. Wazungu wengi walikuja mara moja kwa mwaka, yeye alijua vumbi na matope ya pale, na Datsun lilikuwa gari gumu. Faida hiyo ni kubwa. Lakini mwaka 1979 nyuma yake alikuwa Hannu Mikkola na Mercedes, na mwaka 1982 alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia. Hao si watu wa kupita tu. Rauno Aaltonen wa Finland alirudi Safari mwaka baada ya mwaka na hakuishinda hata mara moja.

Leo Safari imebadilika. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kilometa zinazopimiwa muda ni kati ya 300 na 400, nyingi karibu na Naivasha, kwenye njia zilizofungwa. Toyota ilishinda kila mwaka mpaka 2025, lakini na madereva watatu tofauti: Ogier, Rovanperä na Evans. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994.

Kwa hiyo kwa wingi wa namba, Verstappen yuko mbele. Kwa ugumu wa kurudia, Mehta: alikuwa na nafasi moja tu kwa mwaka, na jiwe moja chini ya gari lingetosha kumngojesha miezi 12. Mfululizo wake ulikatika Pasaka ya 1983, pale Ari Vatanen wa Finland alipofika wa kwanza na Opel.