Kimlango cha Mbwa Jikoni: Hapana, na Tunasema Kwa Nini



Leo hatuzungumzii shela wala hina. Leo tunazungumzia tundu. Tundu lililokatwa chini ya mlango wa jiko, likatiwa kipande cha mpira kinachoning'inia, mtoto wa mbwa akawa anaingia na kutoka apendavyo. Watu wameliona kwenye simu, katika nyumba za Ulaya na Marekani, na sasa mafundi seremala wa hapa kwetu wanaagizwa walikate. Sisi tunasema hapana. Na kabla hamjatupigia kelele, tusomeni mpaka mwisho, kwa sababu tuna la kuwaambia pia wale wanaowarushia mbwa mawe.

Kilichotusukuma kuandika ni hiki. Tulimshonea bi harusi mmoja nguo zake zote, kuanzia ya nikahi mpaka ya kutolewa nje. Miezi miwili baadaye akarudi dukani na mfuko. Ndani mna nguo yake ya kusalia, pindo lote limetafunwa. Tukamwuliza, panya? Akainamisha kichwa. "Mbwa." Mumewe anafanya kazi hoteli ya pwani, zamu za usiku. Nyumba yao iko pembezoni, ukuta wa ua haujaisha, na jirani ameshavunjiwa mara mbili. Bwana akaleta mtoto wa mbwa wa kukuza awe mlinzi. Hapo hatuna neno. Kisha akamwita seremala, mlango wa jiko ukatobolewa, ili yule mdogo asilie nje usiku.

Tangu siku hiyo mwenzetu anasali juu ya kitanda. Ndiyo, juu ya kitanda, kwa sababu sakafu haiamini tena. Mvua ikinyesha mbwa anaingia na maji yake, anapita jikoni, anapita ukumbini, analamba sufuria iliyoachwa chini. Mama mkwe amekuja mara moja, ameona, amekataa hata maji ya kunywa. Na bi harusi hajasema kitu kwa mumewe, eti asionekane mkorofi nyumba ikiwa changa.

Sasa tuseme.

Kwetu visiwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na hukumu tunaijua tangu chuoni: mbwa ni najisi nzito. Akilamba chombo, au mwili wake ulioroa ukigusa nguo au sakafu, panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuna tatizo. Tunajua Wamaliki wanaona mbwa ni tohara, na Wahanafi wanashikilia mate yake tu. Hatumkejeli mtu kwa madhehebu yake. Lakini ikiwa wewe na mumeo ni Mashafi, huwezi kuwa Shafi msikitini ukawa kitu kingine jikoni kwa sababu umependa picha.

Halafu swali ambalo wanaume waliokata tundu hawajiulizi: nani anaosha mara saba? Nani anakwenda kutafuta udongo safi? Nani anabadilisha nguo ya kusalia mara tatu kwa siku? Yule aliyekata mlango yuko kazini. Anayebaki na ndoo ni mke. Uamuzi umepitishwa na mmoja, kazi imempata mwingine. Hilo ndilo linalotuuma zaidi kuliko huo mpira unaoning'inia.

Tunajibiwa, "Lakini kimlango kinamfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje." Hakimfundishi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa muda mrefu. Akiamka anakojoa, akila anakojoa, akicheza anakojoa. Anayemfundisha ni mtu anayemtoa kila wakati huo, akamngoja, akamsifu akifanya pahala pake. Tundu peke yake linampa njia tu. Atatoka kucheza na atarudi kukojoa kwenye mkeka, na ndivyo alivyofanya huyo wa mwenzetu.

Tunajibiwa, "Ni mdogo, tumwache awe huru." Huru wapi? Mtoto wa mbwa anatia kila kitu mdomoni: mifuko ya plastiki, mifupa ya kuku, sumu ya panya. Kumwachia njia ya kutoka kwenye ua usio na ukuta, hajamaliza chanjo, mbwa wa mitaani wanapita, hapo hujamhurumia, umemtupa. Chanjo zake huanza akiwa na wiki sita mpaka nane na huendelea mpaka kama wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza kutolewa akitimiza miezi mitatu. Kabla ya hapo anahitaji jicho la mtu.

Na la tatu, hili tunalisema kama mafundi cherehani. Nguo ya mtoto tunaiachia pindo kwa sababu atakua. Yule seremala alipima mbwa wa miezi miwili! Kimlango cha mbwa kinapimwa kwa upana wa mabega na kimo cha mgongo cha mbwa mzima. Sasa fikirini: tundu la kumpitisha mbwa mzima wa ulinzi linampitisha na kijana mwembamba. Bwana amefuga mbwa kwa ajili ya wezi, kisha akawakatia wezi mlango wao.

Haya, tugeuke upande wa pili, maana nasi wanawake tuna makosa yetu.

Wako wanaosikia haya wakasema, "Si tulisema, mbwa haramu, muueni." Nani kawaambia? Hadithi zimekataza kufuga mbwa bila haja, na zimetwambia malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Lakini hizo hizo zimemtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, na wamo wanazuoni wa madhehebu yetu waliopima kwa hao wakaruhusu wa kulinda nyumba. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke mwenye dhambi kubwa aliyemteremshia mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Allah akamsamehe. Mwanamke huyo hakuwa na sifa yoyote nyingine tunayoijua ila hiyo. Basi wewe unayemwagia mtoto wa mbwa maji ya moto, unataraji nini?

Na tukisoma Suratul Kahf kila Ijumaa, tunapita pale palipotajwa mbwa wa wale vijana wa pangoni. Yuko wapi? Amenyoosha miguu yake kizingitini. Yuko pamoja nao, ametajwa kwa heshima katika Kitabu, na yuko kizingitini. Sisi hatukuhitaji hoja kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo tunachodai ni hiki. Kimlango kiende bandani. Jengeni banda uani, sakafu yake iinuliwe kutoka chini isiingie maji ya mvua, magunia makavu ndani, bakuli lake la maji na la chakula lisilochanganywa na vyombo vya nyumba. Hapo kateni kimlango mnavyotaka, kwa kipimo cha mbwa mkubwa, kizingiti kiwe chini ili mdogo asiruke. Siku za mwanzo ule mpira ufungwe juu kwa kamba apite bila hofu, kisha ushushwe kidogo kidogo. Ua ufungwe hata kwa makuti mpaka ukuta uishe. Usiku wa kwanza atalia, mwende mkamtazame. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Na akimng'ata mtu, au mbwa yeyote akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea, hakuna kurudi.

Nanyi mabi harusi, mnakuja dukani mmeshauliza kila kitu: kitanda cha wapi, kabati milango mingapi, friji ya aina gani. Ulizeni na hili kabla ya nikahi: uani kuna nini, na kitaishi wapi? Kuuliza si ukorofi. Anayestahili kuulizwa ndiye unayekwenda kuishi naye.

Mwenzetu yule tulimrudishia nguo yake na pindo jipya, hatukumtoza. Tukamwambia, pindo tutashona mara ngapi? Zungumza na mumeo. Alikaa wiki nzima ndipo akathubutu. Bwana alinyamaza, akasema kumbe hukupenda, mbona hukusema? Kwenye mlango wa jiko sasa kuna ubao umepigiliwa, rangi yake haifanani na mlango. Mbwa amekuwa mkubwa, analala bandani, usiku anabweka. Na mwenzetu anasali sakafuni.

Allah atupe nyumba safi na nyoyo zenye huruma. Amin.