Goma: Tableti bila mkutubi ni kabati lililofungwa

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Wazazi wengi wa Goma wanaijua hadithi hii. Shule inapokea tableti au kompyuta. Wageni wanafika, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa. Jioni vifaa vinaingizwa katika ofisi ya prefe na kufungiwa kwa kufuli, kwa kuhofia wezi. Miezi michache baadaye batri zimekufa, na wanafunzi bado wananakili masomo yote kutoka ubaoni.

Tableti hazina kosa, na prefe anayelinda mali ya shule hawezi kulaumiwa sana. Kosa ni kuleta kifaa bila kufikiria mtu wa kukihudumia. Mtu huyo ni mkutubi, au bibliotekeri kama wengi wanavyomwita hapa. Katika shule nyingi kazi yake hupewa mwalimu au sekretari, juu ya kazi nyingine alizo nazo, bila saa wala malipo. Shule yenye chumba cha vitabu hukifungua pale mwenye ufunguo anapopata nafasi.

Wapo wanaosema kwamba maktaba ya kisasa haiwezekani Goma, kwa sababu umeme unakatika na vifurushi vya intaneti ni ghali. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inamwezesha msomaji kufungua Wikipedia bila intaneti kabisa. Wikipedia ya Kifaransa ina makala zaidi ya milioni 2, na yote inaenea kwenye kadi ya kumbukumbu ya GB 64, ndogo kama ukucha. Kolibri, programu nyingine ya bure, inabeba mazoezi ya hesabu na sayansi kwa namna hiyo hiyo. Kompyuta ndogo inayolingana na kiganja, ikiunganishwa na batri na paneli ya sola, inaweza kusambaza vyote hivyo kwa simu na tableti zilizomo darasani. Hakuna kifurushi kinachonunuliwa.

Ukanda huu hauanzi sifuri. Mwaka 2014 shirika la Ufaransa la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka Burundi maktaba yake ya kwanza ya kuhamahama, Ideas Box, katika kambi za wakimbizi. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa Wakongomani waliokimbia vita. Masanduku yale yalikuwa na vitabu vya karatasi, tableti, sinema na michezo pamoja, na watu waliofundishwa kuyaendesha. Ikiwa maktaba ya namna hiyo iliwezekana kambini, iweje ishindikane Katindo au Ndosho?

Lakini kadi yenye makala milioni 2 haimsaidii mtoto wa darasa la sita asiyejua aanzie wapi. Hapo ndipo kazi ya mkutubi inapoonekana. Ndiye anayechagua kurasa zinazolingana na somo la wiki. Ndiye anayemwonyesha mwanafunzi namna ya kutafuta neno, kulinganisha maelezo mawili na kuandika kwa maneno yake badala ya kunakili. Ndiye pia anayejua kwamba wadogo wanaosoma kwa Kiswahili wanahitaji hadithi za Kiswahili, na kwamba African Storybook ina hadithi za namna hiyo zinazoruhusiwa kuchapwa bila malipo.

Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakaukimbia mji, simu zilijaa uvumi kuhusu lava na gesi ya Ziwa Kivu. Kweli ziwa lina gesi ya metani na kaboni dioksidi, na wanasayansi wameandika mengi juu yake. Lakini ni wanafunzi wangapi walikuwa na mahali pa kwenda kuuliza yapi ni kweli na yapi ni hofu tu? Mtoto anayekua kati ya volkano na ziwa la gesi anahitaji kujifunza kupima habari kabla ya kuisambaza. Somo hilo simu haimpi, kwani simu hiyo hiyo ndiyo inayomletea uvumi.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuunguza nyumba na shule. Baadaye vita vimewafanya waliokimbia vijiji vyao walale madarasani. Daftari la vitabu likipotea katika misukosuko kama hiyo, hakuna anayejua tena kilichokuwepo wala nani aliazima nini. Mkutubi mwenye kompyuta moja anaweza kuandika orodha hiyo katika jedwali la kawaida, kisha kuweka nakala kwenye flashi anayoondoka nayo. Ni teknolojia ya bei ndogo, na huenda ndiyo ya kwanza inayohitajika.

Wengine watasema shule isiyo na madawati haina haki ya kuota tableti. Wana sababu, hasa tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na pesa taslimu zikawa adimu. Ndiyo maana hakuna haja ya tableti hamsini. Kifaa kimoja cha kusambaza masomo, simu chache za zamani zilizochangwa na wazazi, rafu ya vitabu vya karatasi na mtu mmoja mwenye saa zinazojulikana: hayo yanatosha kuanza.

Kwa hiyo kamati za wazazi ziwe na swali moja kabla ya kupokea zawadi yoyote ya vifaa: nani atakayefungua mlango, siku gani, na atalipwa na nani? Wafadhili nao wakubali kwamba mafunzo na posho ya mkutubi ni sehemu ya zawadi. Na wakuu wa shule wabandike saa za maktaba mlangoni, hata zikiwa mbili tu kwa wiki, kisha waziheshimu.

Kufuli linalinda tableti dhidi ya mwizi. Likibaki limefungwa mwaka mzima, aliyeibiwa ni mwanafunzi.