Mnunuzi Ugenini

Watu wengi wakisikia neno "ng'ambo" hufikiri habari za Ulaya na Marekani. Lakini sisi tunaokaa Same na milima ya Upare tuna ng'ambo iliyo karibu sana. Mtu akipanda basi asubuhi kwa njia ya Moshi, akashuka Himo, kisha akashika njia ya Holili, mchana huwa amekwisha kuingia Kenya, naye yumo katika mji wa Taveta. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko huko, na watu wa upande wetu huvuka kwenda kuuza na kununua. Kwa hiyo yafaa tuzungumze kidogo juu ya namna ya kukutana na mwenye duka ukiwa mgeni katika nchi yake.

Mara nyingi husikika watu wakilalamika, "Wenye maduka wa kule hutupunja kwa kuwa wanajua sisi si wa kwao." Sikatai kwamba wapunjaji wapo, wapo katika kila soko la dunia. Hata hivyo naona kwamba mara nyingi hasara ya mgeni huanza kinywani mwake mwenyewe. Huingia dukani bila ya salamu, hunyosha kidole na kuuliza, "Hii bei gani?" Akitajiwa bei hununa, au hucheka kwa dharau, kisha hutoka. Mtu wa namna hiyo amempa mwenye duka sababu gani ya kumfikiria kama jirani?

Tena yako mambo mawili ambayo mgeni hawezi kuyajua asipouliza, nayo ni fedha na vipimo. Hadi mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, ndipo kila nchi ikatoa fedha yake. Jina likabaki lile lile, lakini thamani siku hizi ni mbali kabisa: shilingi moja ya Kenya huwa karibu shilingi 20 za kwetu, ingawa kiwango hubadilika. Mgeni akisikia "mia mbili" hufurahi, kumbe ni kama elfu nne. Na vipimo ni hivyo hivyo. Kule nafaka hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo la kiasi cha kilo mbili. Sisi twazoea kisado na debe. Asiyeuliza atalinganisha kopo moja na kopo jingine lisilo sawa nalo, kisha arudi Same akisema ameibiwa, na huku hakuibiwa.

Dawa yake ni maneno mazuri. "Hujambo, mama? Mimi natoka Same. Kipimo hiki kina kilo ngapi? Bei hii ni ya Kenya au ya Tanzania?" Mwuzaji aliyeulizwa hivyo mbele ya wanunuzi wengine huona haya kudanganya, na mara nyingi atakueleza hata yale usiyomwuliza. Kisha mpatane bei, maana wahenga walisema biashara haigombi. Lakini si adabu kumbembeleza mtu ashushe bei ya kitu usichokusudia kukinunua. Na akikubali bei uliyoitaja wewe, hapana budi ulipe.

Pengine msomaji atasema kwamba salamu haipunguzi bei. Ni kweli, si kila mara. Lakini fikiri habari za mtu aliyenunua taa, akafika nayo nyumbani ikakataa kuwaka. Akirudi wiki ya pili kwa mwuzaji aliyemnunia, ataambiwa, "Sikujui." Akirudi kwa yule aliyemsalimu na kumwambia atokako, yapo matumaini ya kusikilizwa. Mgeni hana ndugu katika soko lile wa kumshuhudia, na kujulikana sura ndiyo dhamana yake.

Wazee wetu waliyafahamu haya kabla ya mpaka kuwekwa. Wafua chuma wa Ugweno waliuza majembe na silaha kwa majirani zao wa Uchaga, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipumzika Taveta na kununua chakula. Wote hao walikuwa wageni kwa wenyeji wao. Baadaye serikali zilikosana, na mpaka ukafungwa toka mwaka 1977 hadi 1983. Kisha ukaja mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, na mwaka 2016 ikafunguliwa rasmi huduma ya pamoja ya Holili na Taveta, ambapo msafiri hukaguliwa mahali pamoja tu, upande wa nchi anayoingia. Hayo ni mema sana, lakini kazi ya ujirani yenyewe imeachiwa mwenye duka na mnunuzi.

Basi tujitazame na sisi. Hapa Same hupita wasafiri wa Dar es Salaam na Arusha kila siku, na watalii huja kuingia Hifadhi ya Mkomazi. Tukimwona mgeni anauliza bei ya ndizi au ya tangawizi ya Mamba, je, twamtajia bei tunayomtajia jirani, au twamtazama kwanza mavazi na rangi yake? Tukiongeza bei kwa sababu hajui Kiswahili, hatuna haki tena ya kulalamika habari za Taveta.

Wanafunzi wengi huwasaidia wazazi wao dukani na sokoni wakati wa likizo. Nawasihi wajizoeze kumwambia mgeni bei ya kweli na kipimo cha kweli kabla hajauliza. Nasi wazazi na walimu tusiwacheke wakifanya hivyo, hata kama siku hiyo faida imepungua kidogo.