Wazoa Taka wa Kampala Wapewe Kinga Wanayostahili

Mkazi wa Kampala aamkaye alfajiri hulisikia lori la taka kabla ya kuliona. Honi hupigwa mfululizo, milango hufunguliwa, na magunia ya kasasiro, kama tuitavyo taka sisi wa hapa, hutolewa upesi upesi yasije yakabaki mpaka juma lijalo. Vijana watatu au wanne huruka chini, huyabeba na kuyarusha juu, ambako mwenzao amesimama katikati ya maganda ya matoke akiyakanyaga ili lori lipokee zaidi. Kazi ikiisha, lori huondoka, nao hudandia nyuma hali linakwenda. Ni nani kati yetu aliyewahi kuwatazama miguuni?

Mimi niliwatazama asubuhi moja pale Ntinda, liliposimama mbele yangu lori la kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyekuwa juu ya taka alivaa ndala. Wa pili alikuwa na glavu moja tu, ya mkono wa kulia. Nilipomwuliza ya kushoto iko wapi, alicheka akanijibu, "Afande, ya kushoto anayo mwenzangu." Nami nilicheka, lakini njiani kicheko kiliniisha. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba ofisa hukagua miguu ya askari wake kabla ya safari, na kwamba askari akilemaa kwa kukosa buti, wa kuulizwa ni ofisa. Kijana yule akikatwa na chupa, ataulizwa nani?

Wapo watakaosema kwamba taka ni taka, na kila kazi ina adha zake. La hasha! Ndani ya gunia moja la nyumbani mna maganda, majivu, nyembe, vioo vilivyovunjika, betri, nepi za watoto, na mara nyingine sindano iliyotumika, kwa kuwa zipo kliniki ndogo ndogo zinazochanganya taka zao na za majirani. Sindano hiyo haionekani. Humchoma mtu anapolikumbatia gunia kifuani. Wataalamu wa tiba wanatuambia kwamba sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B yaweza kumwambukiza hata mtu mmoja kati ya watatu waliochomwa bila kuwa na chanjo. Kwa virusi vya UKIMWI hatari ni ndogo zaidi, kama watu 3 katika 1,000. Chanjo ya homa hiyo ya ini ipo, nayo hudungwa mara tatu. Dawa za kuzuia UKIMWI baada ya ajali nazo zipo, mradi zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku, ambaye hakuna aliyemweleza habari za saa 72, atajifunga kitambaa kidoleni na kuendelea kubeba. Na kumbukeni kwamba Ebola iliingia jijini humu mwaka 2022, ikarudi tena Januari 2025. Taka za wagonjwa zikichanganywa na za majumbani wakati kama huo, wa kwanza kuzishika ni huyu kijana wa glavu moja.

Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua kubwa. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996 katika eneo la Wakiso, kaskazini ya jiji, juu ya ardhi ya takriban ekari 36, na kwa miaka 28 kila lori la Kampala lilikwenda kumwaga huko. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, wakiwamo watoto, na nyumba za majirani zikafukiwa pamoja na mifugo. Rais aliagiza jeshi lisaidie katika uokoaji. Mwezi uliofuata wakuu watatu wa Mamlaka ya Jiji waliachishwa kazi. Taifa zima lilisikitika, na ilikuwa haki kusikitika. Hata hivyo, ninaona kwamba msiba ule umetufundisha nusu tu ya somo. Tumezungumza mno juu ya mahali pa kutupa taka, yaani ardhi mpya, mitambo mipya, wawekezaji wapya; tumezungumza kidogo sana juu ya watu wanaozibeba. Mlima hauporomoki kila siku. Lori hutoka kila siku.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi mavazi na vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari, na inawapa wakaguzi wa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii uwezo wa kuingia mahali pa kazi. Ipo pia sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo kwayo wategemezi wa marehemu aliyefia kazini hulipwa mapato yake ya miezi 60. Lakini mahali pa kazi pa mzoa taka ni lori linalokwenda. Mkaguzi atabisha hodi wapi? Na hayo mapato ya miezi 60 yatahesabiwaje kwa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote?

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Huko Marekani, katika mji wa Memphis, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijificha mvua ndani ya lori lenye mtambo wa kushindilia taka. Mtambo ukajiwasha na kuwaua. Wenzao wapatao 1,300 waligoma, na Martin Luther King alikuwa amekwenda kuwaunga mkono alipouawa kwa risasi tarehe 4 Aprili mwaka huo. Hadi leo kazi hiyo huhesabiwa nchini humo miongoni mwa kazi kumi zinazoua zaidi. Ikiwa ni hivyo kwa wenye mitambo na bima, itakuwaje kwa anayesimama juu ya lori lililo wazi, likipita bondeni Kalerwe na kukwepa mashimo na boda boda?

Kampuni binafsi hutoza wateja ada, kwa hiyo faida yake imo katika wingi wa magunia na uchache wa safari. Siilaumu kwa kutafuta faida. Lakini gambuti na glavu ni gharama, na kampuni inayozinunua hushindwa bei na ile isiyozinunua. Hapo ndipo serikali inapopaswa kuingia, ili mwajiri mwema asiadhibiwe kwa wema wake. Mamlaka ya Jiji ndiyo yenye kutoa ruhusa ya kuzoa taka. Basi ruhusa hiyo isitolewe wala kuhuishwa mpaka kampuni ionyeshe daftari la majina ya wafanyakazi wake wote, vibarua na mataniboi wakiwamo, hati ya bima, na kadi ya chanjo ya kila mmoja. Ukaguzi ufanyike getini, pale malori yanapoingia kumwaga, kwa sababu hapo hakuna lori liwezalo kukwepa. Lori ambalo watu wake hawana gambuti, glavu na fulana za kung'aa lirudishwe na mzigo wake. Likirudishwa mara mbili, nina hakika mwenyewe atazinunua. Na wanaodandia nyuma wapewe mahali pa kukaa.

Jambo moja latuhusu sisi wa majumbani, nalo halingoji bajeti. Wembe na kioo kilichovunjika vitiwe katika kopo la bati lenye kifuniko, ama vifungwe katika karatasi nene, kisha viwekwe kando ya gunia na mzoa taka aonyeshwe kwa mkono. Nyumbani kwangu twatumia makopo ya maziwa ya unga. Mara ya kwanza nilipompa kopo hilo, kijana alilitikisa, akasikiliza, akaniuliza iwapo ni zawadi.