OILI CHAFU SI LOSHENI, MSHKAJI!

Juzi basi letu la Masasi kwenda Newala liligoma kabla ya kupanda mlima. Fundi akafungua injini, oili chafu ikamtapakaa hadi viwikoni, akanawa kwa petroli. Dogo anayemfundisha kazi naye akanawa.

"Mimi nimeizoea," fundi akasema.

Sawa, lakini panya hawakuizoea! Maabara waliwapaka oili iliyotumika mgongoni, tena na tena, wakaota kansa ya ngozi. Makopo mengine ya oili yameandikwa onyo hilo nyuma, kwa herufi za sisimizi. Petroli nayo ina benzeni, inayoleta kansa ya damu.

Glavu, sabuni na maji, basi! Fundi alicheka. Dogo ndiye aliyeniomba kipande cha sabuni.

Tukutane wiki ijayo.