Ziwa na Mtafiti Wake

Mwaka 1948 Rosemary Lowe, Mwingereza aliyekwisha kuchunguza samaki wa Ziwa Nyasa, alijiunga na kituo kipya cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Sehemu yake ilikuwa sato na ndugu zao: kuwapima, kuwapasua aone mayai yamekomaa kiasi gani, kujua ni lini na wapi majike wa ngege huatamia mayai kinywani. Mwaka 1953 akaolewa. Kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki kazini, akaondoka. Akiwa Guyana na mumewe alianza upya na samaki wengine, na vitabu alivyoandika baadaye vikawa msingi wa elimu ya samaki wa maji baridi katika nchi za joto. Hasara ilibaki Ziwa Victoria, ambako ngege walikuwa tayari wanapungua.

Kanuni ile imekufa, ila tumebaki na namna nyingine za kumkatiza mtafiti njiani. Je, serikali zetu zimlipe mtaalamu akae na ziwa moja miaka ishirini au thelathini, au zitosheke na miradi ya miaka mitatu mitatu inayokuja na kuondoka na fedha za wafadhili? Nasema zimlipe, na sababu yangu ya kwanza inatoka kwa samaki mwenyewe. Katika maji ya Ulaya samaki hudumaa wakati wa baridi, na kijifupa cha sikio lake huweka pete moja kila mwaka. Ukizihesabu unajua umri wake. Maji yetu ni ya joto mwaka mzima, na pete hizo mara nyingi hazisomeki vizuri. Ili ujue sato anakua kwa kasi gani inabidi ushinde mwaloni na ubao wa kupimia, upime mamia ya samaki mwezi baada ya mwezi, miaka nenda miaka rudi. Fedha zikikatika mwaka mmoja, pengo hilo haliwezi kuzibwa tena.

Mwanza inatoa ushahidi mzuri. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzao Watanzania, walianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa aina nyingi, katika ghuba ya Mwanza, wakati sangara, mla samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani, bado ni wachache. Miaka ya 1980 sangara wakafurika, na aina nyingi za furu zikaacha kuonekana nyavuni. Tunalijua hilo kwa undani kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakipima kabla ya janga. Frans Witte, mmoja wa waanzilishi, hakuliacha ziwa hilo hadi alipofariki mwaka 2013, na kazi ya kundi lake ndiyo iliyoonyesha kwamba baadhi ya furu walirejea miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi. Ole Seehausen, aliyefanya kazi katika maji hayohayo, aligundua jambo ambalo takwimu za mavuno zisingelifichua: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka rangi hazionekani, spishi zinachanganyika.

Wapo wanaouliza: wataalamu wana faida gani ikiwa hawasikilizwi? Hoja hiyo ina uzito. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928, alionya juu ya kuingiza samaki mkubwa mla samaki. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer wa Jinja alipinga waziwazi mpango wa kupandikiza sangara. Sangara wakaingizwa hata hivyo.

Tena Fryer hakupatia yote. Alitoa hoja kwamba mla samaki hupoteza sehemu kubwa ya chakula anachokula, hivyo mavuno yangeshuka. Kuhusu furu, historia imempa haki. Kuhusu mavuno, yalipanda mno, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na kwingineko. Lakini hilo kwangu ni sababu ya kuongeza utafiti. Furu walipokwisha, sangara waligeukia uduvi wadogo wa ziwani, dagaa, na hata watoto wao wenyewe, na ni vipimo vya miaka mingi tu vilivyoweza kuonyesha hayo.

Ninachotaka ni mambo mawili. Waziri anayekataa ushauri wa taasisi yake ya utafiti alazimishwe kisheria kueleza sababu kwa maandishi, hadharani. Na sehemu maalumu ya tozo za samaki wanaouzwa nje iende moja kwa moja kwenye vipimo vya kila mwezi na mishahara ya wanaopima, pale TAFIRI, KMFRI na NaFIRRI, taasisi za utafiti wa uvuvi za Tanzania, Kenya na Uganda, bila kusubiri mfadhili.

Haja hii si ya Ziwa Victoria pekee. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mvuvi wa Kigoma aliyekaa miezi mitatu bila kutupa wavu ana haki ya kuonyeshwa vipimo vya migebuka na dagaa, vya miaka kabla ya kufungwa na vya miaka baada yake, vilivyochukuliwa kwa njia ileile na watu ambao bado wapo kazini kuvieleza.