Mlevi mnamwona, wa bahasha hamumwoni

Jumapili iliyopita nimelisikia tena lile hubiri. Unalijua. Kama umekulia kanisani, au umepitia vikundi vya maombi chuoni, umeshalisikia si chini ya mara kumi: vijana, angalieni marafiki zenu! Mhubiri anafungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, mstari wa 33, anausoma mara mbili, anapangusa jasho, halafu inakuja orodha. Watu wa baa. Watu wa muziki wa dunia. Wasiookoka. Wa dini nyingine. Ukikaa nao leo, kesho utakuwa mmoja wao. Tunaitikia amina, tunatoka nje, tunanunua chapati za akina mama wa kwaya na maisha yanaendelea.

Safari hii sikuitikia amina. Nimechoka nalo. Na kwa kuwa mimi riziki yangu ni kuandika, acha niandike.

Kwanza nikubali jambo moja ili tusigombane bure. Marafiki wanambadilisha mtu, hilo halina mjadala. Nina ndugu yangu wa damu ambaye gongo aliianzia kwenye kijiwe cha bodaboda, na kabla ya kijiwe kile alikuwa hajui hata harufu yake. Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa pili chuoni niliwahi kukaa miezi minne bila kukanyaga kanisani, si kwa sababu nilisoma falsafa gani ya maana, ila chumba kizima tulikuwa tunaamka saa sita mchana kila Jumapili. Basi. Kwa hiyo anayesema ndege wa rangi moja huruka pamoja hajakosea. Ugomvi wangu hauko hapo. Ugomvi wangu uko kwenye ile orodha. Nani kaiandika? Na kwa nini kila siku inawahusu watu wa nje?

Hebu turudi kwenye huo mstari wenyewe, maana nina wasiwasi wengi wanaoupiga mimbarini hawausomi wote. Sura ya 15 haihusu baa. Inahusu ufufuo. Pale Korintho kulikuwa na watu waliokuwa wanasema wafu hawafufuki, na watu hao hawakuwa wapagani wa mtaani. Walikuwa ndani ya kanisa! Mazungumzo mabaya ambayo Paulo anayaogopa yanafanyika kwenye mabenchi ya mbele. Tena kuna kichekesho kingine hapo. Maneno yale aliyoyatumia Paulo yanatajwa kutoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Menander, Mgiriki wa Athens, mwandishi wa michezo ya kuchekesha aliyeishi miaka zaidi ya 300 kabla ya waraka huo kuandikwa. Mchezo unaitwa Thais, na Thais ni jina la kahaba. Yaani mtume anatuonya juu ya marafiki wabaya kwa maneno ya mtu wa jukwaani, ambaye kwa orodha yetu ya Jumapili asingeruhusiwa hata kukaribishwa chai.

Ukirudi nyuma hadi sura ya 5 ndiyo utachoka kabisa. Paulo anasema walimwelewa vibaya. Alipowaambia wasichangamane na waovu hakuwa na maana ya waovu wa dunia, kwani ingebidi waihame dunia yenyewe. Alikuwa na maana ya yule anayejiita ndugu huku ni mwasherati, mwenye tamaa, mtukanaji, mlevi, mnyang'anyi. Huyo, anasema, hata chakula usile naye. Mlevi yumo kwenye orodha, sikatai. Lakini na mwenye tamaa yumo, na mnyang'anyi yumo, na wote wanaitwa ndugu. Ni lini mara ya mwisho umesikia kijana anaonywa asikae na mzee wa kanisa mwenye tamaa?

Sasa nije kwenye yaliyonikuta, maana nisipoyasema nitaonekana nachambua maandiko tu kama mtu aliyekosa kazi.

Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa Mwislamu, mtu wa Tanga, mcheshi, anayesali alfajiri bila kukosa na kuniamsha na mimi kwa vishindo vya ndoo. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi akaniita pembeni. "Mpendwa, tumekuombea sana juu ya yule mwenzako wa chumbani." Nikadhani wameona anaumwa. Kumbe wanataka nihame. Eti nitapoa. Nikamjibu, mtumishi, ni yeye anayeniamsha nisome Biblia. Hakucheka. Muhula ule ule fedha za safari ya injili zilizochangwa na wanafunzi zilipotea, na aliyekuwa anazishika alikuwa miongoni mwa walioniombea. Tuliambiwa tusiseme ili tusiaibishe jina la Bwana. Tukanyamaza, na mimi nikiwemo. Nadhani pale ndipo nilipojifunza kunyamaza. Sikufundishwa baa. Nilifundishwa kwenye maombi, na watu niliowapenda.

Nikamaliza, nikapata kazi ya uripota. Chumba chetu cha habari kina kikundi cha maombi, mchana, mara moja kwa wiki, kwenye kile chumba cha vikao chenye feni mbovu. Nilifurahi sana kukikuta. Kaka mmoja mkubwa kikazi, mlokole wa siku nyingi, alinipokea kama mdogo wake wa tumbo moja. Alinifundisha jinsi ya kuandika aya ya kwanza, jinsi ya kumsubiri ofisa mlangoni mpaka achoke mwenyewe kukimbia. Mpaka leo namheshimu kwa hayo. Na ndiye aliyenifundisha bahasha.

Kama hufanyi kazi hii nikueleze. Kunakuwa na semina, au uzinduzi wa kitu fulani, na mwishoni waandishi mnaitwa pembeni, mnasaini karatasi, mnapewa bahasha. Wanaiita nauli. Wengine mshiko. Nauli ya daladala haifiki hata elfu mbili, humo ndani mna elfu thelathini. Wenye kazi yao wanajua mshahara wa ripota mchanga, na waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka, hawasumbuki kukutishia. Hakuna anayekwambia uandike nini. Wala haina haja.

Siku ile tulipelekwa nje ya mji, kampuni moja inaonyesha mradi wake, chakula cha mchana cha uhakika. Getini nikakutana na mama mtu mzima, kanga mbili, karatasi mkononi. Akaniita, "Mwanangu, wewe ndiye wa gazeti?" Nikasema ndiyo mama, shikamoo. Akaitikia, akaniambia kisima chao kimebadilika rangi tangu kazi ianze, wameshakwenda kwa mtendaji mara tatu. Karatasi ile ilikuwa na majina ya watu wa kaya zao, yameandikwa kwa penseli. Akanipa. Nikaiweka kwenye mkoba. Ndani tukala, tukasaini, nikaipima ile bahasha mkononi nikasita. Yule kaka akaniona. Akanishika bega kwa upole kabisa. "Mpendwa, usiukatae mkono wa Bwana. Hii ni baraka, toa fungu la kumi usonge mbele."

Nilitoa fungu la kumi. Elfu tatu, Jumapili, kwenye bahasha nyingine ya kanisa yenye jina langu. Habari ilitoka ukurasa wa tano, picha kubwa, mkurugenzi anacheka. Kisima hakikuwemo. Mama hakuwemo.

Aliyeniuliza ni mpiga picha wetu. Huyu braza ndiye yule hasa wa kwenye orodha ya mhubiri: bia zake mbili tatu kila Ijumaa, msikitini anaonekana Idi kwa Idi, mdomo wake mchafu kuliko kituo cha mabasi. Alikuwa ameegemea gari siku ile, ameona kila kitu. Akaja na gazeti mezani kwangu. "Dogo, yule mama wa getini mbona simwoni?" Nikaanza kueleza habari za nafasi, mhariri, urefu wa habari. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye bahasha yake aliiacha mezani pale pale, akamalizia na tusi ambalo sitaliandika. Akaenda zake kupiga picha za mpira.

Sasa niambie, wewe unayejua sana: rafiki mbaya hapo ni nani?

Najua kuna watakaosema huo ni mfano mmoja tu, na kwamba walevi wanaopokea bahasha ni wengi kuliko walokole. Huenda. Sifanyi sensa. Lakini tofauti ninayoiona ni hii: yule mlevi anayepokea bahasha anaiita bahasha. Hajaniombea nayo. Rafiki anayekukosesha huku akikuita mpendwa anakuchukulia pesa pamoja na lugha ya kuona kosa. Ukishaanza kuiita tamaa baraka, utatubu nini?

Na haya mambo yana ukubwa wake, si ya elfu thelathini peke yake. Tazama hapo jirani, Rwanda. Mwaka 1994 ilikuwa nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kumi walijiita Wakristo. Mahali panaitwa Nyange, mkoa wa Kibuye wa wakati ule, Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani mwezi Aprili. Kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padre aliyekuwa akiongoza parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa hapa kwetu Arusha: miaka 15 mwaka 2006, na rufaa ya mwaka 2008 ikafanya kifungo cha maisha. Katika nchi kama hiyo wauaji hawakutoka kwenye orodha ya wa nje. Walitoka kwenye ubatizo, komunyo na kwaya, na kila aliyesita alikuwa na ndugu wa imani pembeni yake wa kumwambia twende.

Halafu Nyange hiyo hiyo, Machi 18, 1997. Wanafunzi wa sekondari wako madarasani usiku, wanajisomea. Wanaingia watu wenye silaha, wanaamuru Wahutu wasimame upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wanakataa kugawanyika. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono, baadhi wakafa pale pale. Leo Rwanda inawahesabu miongoni mwa mashujaa wake wa taifa. Kila nikifikiria madarasa yale najiuliza kijana wa miaka kumi na saba anapata wapi nguvu ya namna ile. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa aliipata kwa waliokaa naye dawati moja. Kama wangekuwa wamefundishwa miaka yote kukaa na wa aina yao tu, amri ile ingekuwa rahisi kuitii.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tulishawahi kujua namna nyingine. Uamsho wa Afrika Mashariki ambao walokole wetu wanajivunia kuwa watoto wake ulishika moto Gahini, Rwanda hiyo hiyo, miaka ya 1930, baada ya Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 na kusali pamoja. Ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika. Wale watu waliamini kabisa katika nguvu ya marafiki. Walikutana kila wiki. Ila walichofanya wakikutana ni kusema dhambi zao wenyewe mbele ya wenzao, kwa jina, na kurudisha walichoiba. Mzungu aliungama kwa Mwafrika wakati wa ukoloni! Na vita vya Mau Mau vilipoikumba Kenya miaka ya 1950, wengi wao walikataa kiapo na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali, na kuna waliouawa kwa hilo. Hawakuwa malaika, walikuwa na majivuno yao na mafarakano yao. Lakini nitajie kikundi kimoja cha maombi unachokijua wewe ambacho mtu anaweza kusimama leo akasema, ndugu zangu, juzi nimepokea elfu thelathini na nimemficha mama wa watu, na wenzake wakamuuliza unairudisha lini.

Kwetu pale nilijaribu. Nilisema mchana mmoja, chini ya ile feni. Kukawa kimya kidogo. Kisha kaka yangu akasema tumwombee mwenzetu, anapitia jaribu la kukata tamaa. Wakaniwekea mikono.

Sijaacha kwenda. Watu wananiuliza kama nimehama kanisa, hapana, nitahamia wapi? Nampenda Kristo na hata yule kaka nampenda, ananidai mengi mazuri. Elfu thelathini nimeirudisha kwa risiti, na kampuni ile imenipigia simu kuuliza kama kuna tatizo.

Jumatano mimi na braza tunapanda basi la alfajiri. Nauli tumechanga wenyewe, mhariri ametupa siku moja. Karatasi ya yule mama bado ninayo, chini ina namba ya simu ya mjukuu wake, na tarakimu ya mwisho penseli imefifia, haijulikani ni 1 au 7. Nimejaribu ya 1, haipatikani. Ya 7 imepokelewa. Kijana amesema bibi yupo, ila ameuliza kwanza kama sisi ndio wale wa siku ile.